Nimeokoka lakini bado naogopa kufa, imani yangu ni feki?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muyeye hapa Malindi, nimeokoka zaidi ya miaka kumi. Mwaka jana kakangu aligongwa na lori akiwa kwa bodaboda barabara ya Mombasa akafa papo hapo, na tangu siku hiyo simu ikilia usiku moyo wanidunda hadi mikono yafa ganzi. Usingizi sina. Kakangu namuota, hasemi kitu, ananitazama tu. Kanisani nimeombewa nikaambiwa nina roho ya hofu nitoe sadaka ya ukombozi, nikatoa, hofu iko pale pale. Na tangu mambo ya Shakahola, watu kuambiwa wafunge msituni mpaka wafe, hata kanisa lenyewe naliogopa, kuna jirani yangu alienda huko na watoto wake hakurudi. Kila Pasaka twaimba amefufuka amefufuka, sasa mbona mimi bado naogopa kufa? Kwani ilitokea kweli? Imani yangu ni feki? Alafu nyumbani Marafa wazee wanapanga mambo ya koma (roho ya marehemu) wa kakangu, niende nisiende?

JIBU: Dadangu, kwanza pole. Naiweka mbele hiyo pole manake nimesoma ujumbe wako wote nikaona watu wamekuombea, wamekukemea, wamekuchangisha, lakini hakuna mahali umeandika kwamba mtu alikaa chini na wewe akakwambia pole kwa kakako. Ndugu wa tumbo moja amekufa ghafla barabarani, hukumuaga, hukumuuguza hata siku moja, alafu machozi hayajakauka washakwambia una pepo. Wewe una msiba. Mtu mwenye msiba hakemewi, anapewa maji ya kunywa na mtu wa kukaa naye.

Sasa swali lako kubwa, kama imani yako ni feki. Hapana. Na sisemi hivyo kukufariji tu, nasema kwa sababu nikifungua Injili naona wale watu wa kwanza kabisa kusikia habari ya ufufuo waliogopa kuliko wewe. Soma Marko 16, wale kina mama waliokwenda kaburini asubuhi na manukato, wakakuta jiwe limeondolewa, wakaambiwa amefufuka hayupo hapa, unajua walifanya nini? Walikimbia. Walitetemeka na hawakumwambia mtu kitu, na ile aya ya nane yamalizia na maneno "maana waliogopa", na nakala kongwe kabisa za Marko tulizo nazo zaishia hapo hapo, hizo aya zinazofuata hazimo. Yaani habari ya ufufuo ilivyowafikia watu mara ya kwanza iliwafikia wakiwa na mikono yafa ganzi kama yako.

Alafu njoo kwa Yohana 20, hapa ndipo nataka ukae kidogo. Jioni ile ile ya Jumapili wanafunzi wako ndani milango wameikomea kwa kuogopa. Yesu anaingia, anasimama katikati, anasema "Amani iwe kwenu", anawaonyesha mikono na ubavu, wanafurahi. Wamemuona kwa macho yao! Haya, songa mbele mpaka aya ya 26, baada ya siku nane, wanafunzi wako ndani tena, na milango imefungwa. Tena! Watu ambao wamemuona mfufuka uso kwa uso juma lililopita bado wanapiga komeo. Na Yesu akija hawaulizi mbona bado mumejifungia, imani zenu ziko wapi. Aingia vile vile na milango ikiwa imefungwa na asema maneno yale yale, amani iwe kwenu. Mle chumbani hakumwambia mtu hata mmoja kwamba ana roho ya hofu atoe sadaka, hiyo sisi wahubiri sijui twaitoa wapi.

Na yeye mwenyewe Gethsemane si alifadhaika, Marko 14 yasema wazi kabisa, akawaomba wenziwe wakeshe naye manake hakutaka kuwa peke yake. Sasa kama kutetemeka mbele ya mauti ni dhambi basi tuna shida kubwa zaidi ya hii yako.

Kwa hivyo ahadi ni nini hasa? Mimi nikifundisha hii mada huwa naanzia Waebrania 2 aya ya 14 na 15, pale mwandishi asema Kristo alishiriki damu na mwili kama sisi ili kwa kufa kwake amvunje aliyekuwa na nguvu za mauti, awaache huru watu ambao maisha yao yote, kwa hofu ya mauti, walikuwa watumwa. Angalia vizuri shida anayoitaja. Haongei kuhusu moyo kudunda. Aongea kuhusu utumwa, hofu imekuwa bwana, inakupa amri na wewe unatii.

Na sisi watu wa huku tunajua utumwa si hadithi ya mbali. Haya mashamba yanayozunguka Malindi, karne ya 19 yalilimwa mtama na ufuta na watumwa, wajukuu wao tuko nao mtaani. Wengine walitoroka wakaingia bara, na mojawapo ya vijiji vyao vilikuwa Fuladoyo, huko bara ya Takaungu na Malindi, miaka ya 1880, kijiji cha watoro kilichoongozwa na Mgiriama Mkristo aliyeitwa David Koi, na mwishowe aliuawa. Mimi huwa nawafikiria wale watoro. Mtu ametoroka, amejenga kibanda, amelima muhogo wake, hana bwana tena. Lakini akisikia mbwa wabweka usiku, unadhani hakuruka? Aliruka. Mwili ulikuwa bado unakumbuka. Ila asubuhi akiamka anakwenda shamba lake mwenyewe, hakuna wa kumpigia kelele. Huru tayari, na bado anashtuka, yote mawili kwa mtu mmoja. Hapo ndipo ulipo wewe na ndipo walipo Wakristo wengi wa kweli ninaowajua, hata wale wanaopaza sauti kwa maikrofoni.

Kwa hivyo badala ya kujiuliza kila siku "je bado naogopa", jiulize hofu inanipa amri gani na ni ipi nimeitii. Hilo ndilo swali lenye faida. Hofu yako ilikuamuru utoe pesa, ukatoa. Yakuamuru usilale. Pengine yakuamuru usimwache mtoto apande boda kwenda shule hata kama hakuna njia nyengine (hiyo sikulaumu, helmeti mnunulie). Na hofu ikiachiwa kiti cha bwana haiishii kwa kukosa usingizi. Hapa Kilifi kaunti yetu sote twajua wazee wanavyouawa, mtu ana mvi na macho mekundu, kuna kifo kimetokea kwa familia, basi mzee ashakuwa mchawi, na wanaoshika panga mara nyingi ni watoto wa nduguye. Ukiwauliza watakwambia walikuwa wanajikinga. Hofu ya kufa ndio iliyoua pale, na wengine wao Jumapili wako kanisani na Jumatatu kwa mganga, Mungu atusaidie.

Sasa Shakahola. Nimefikiria kama niiruke, lakini wewe umeitaja na Malindi hii hakuna mtu asiyeibeba. Aprili 2023 mpaka leo miili iliyofukuliwa kule msituni yapita 400, na wengi walikuwa watoto. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ndio wakutane na Yesu. Na nikwambie kitu, ile haikuwa imani ya ufufuo iliyozidi kipimo, ati wao waliamini sana sisi twaamini kidogo. Ile ilikuwa kinyume chake kabisa, manake mafundisho ya namna ile yasema mwili ni takataka, dunia ni takataka, mauti ni mlango mzuri, kimbia uingie. Paulo asema nini? Wakorintho wa kwanza 15:26, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui! Hajasema rafiki wala gari la kukupeleka mbinguni. Yesu mwenyewe kwa kaburi la Lazaro alilia machozi na alijua dakika chache zijazo atamtoa. Ufufuo maana yake Mungu ameukataa mauti, ameutaka mwili wako, huo huo unaouma mgongo na unaonyonyesha, na mtu anayeutaka mwili hawezi kukwambia uuwe kwa njaa.

Na kuna sehemu moja ya Injili ambayo tangu 2023 siwezi kuisoma bila kufunga kitabu kidogo nipumue. Yohana 21. Ni asubuhi, ni ufuoni, kina Petro wamevua usiku kucha hawakupata kitu, wavuvi wetu wa hapa wanaijua hiyo asubuhi. Mtu yuko pwani awaambia watupe jarife upande wa kuume, wapata samaki 153, na wakifika nchi kavu wakuta mkaa umewaka, samaki juu yake, na mkate. Na mfufuka, aliyeshinda mauti, mwenye mamlaka yote, asema neno gani? "Njoni mfungue kinywa." Dadangu, fungueni kinywa! Yesu aliyefufuka awapikia watu njaa zao ziishe. Luka naye asema aliomba chakula akala kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao, ndio wajue si mzuka. Kwa hivyo mtu yeyote, awe na kanisa kubwa au dogo, akikwambia ukitaka kumuona Yesu usile, usimpeleke mtoto hospitali, choma kitambulisho, mtoe mtoto shule, huyo hamtumikii aliyewasha ule moto wa mkaa. Kimbia. Kukimbia hapo ndio imani.

Na ukiogopa kanisa baada ya hayo mimi sikuoni kama mtu aliyerudi nyuma. Una akili. Tafuta kanisa ambalo mchungaji ana wazee wanaoweza kumwambia hapana, pesa zasomwa hadharani, na unaweza kukosa Jumapili mbili bila kutishwa laana. Kwa hilo neno la kutishwa nasema hivi, mhubiri ambaye njia yake ya kukutoa hofu ni kukuongezea hofu, ile sadaka yake usirudie. Uliyotoa imeenda, usijisumbue nayo, lakini usitoe nyengine. Petro alishamjibu Simoni mchawi kule Samaria, Matendo 8, kuhusu kununua karama ya Mungu kwa fedha, na hakumjibu kwa upole.

Umeuliza kwa mkato tu, kama mtu anaona haya, lakini nimeliona: je, ilitokea kweli? Usione haya. Paulo mwenyewe asema kama Kristo hakufufuka basi imani yetu ni bure, hatuna cha kubembelezana. Barua ile ya Wakorintho aliiandika kama miaka 20 na kitu baada ya msalaba, na mle ndani ataja waliomuona, Kefa (ndiye Petro), wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na aongeza kwamba wengi wao wako hai bado, ni kama kusema nendeni mukawaulize. Watu huwa wanabishana sana kuhusu hayo na mabishano hayaishi. Mimi kinachonishika zaidi ni Petro. Huyu usiku mmoja mjakazi amuuliza tu, na wewe si ulikuwa naye, akaruka simjui. Alafu ukienda Matendo 12 wamkuta amefungwa gerezani, kesho atolewe kuuawa, minyororo miwili, askari huku na askari huku, na yeye amelala. Amelala fofofo mpaka malaika ampiga ubavuni ndio aamke. Kitu gani kimempata huyu mtu katikati hapo?

Lakini usiisome hiyo hadithi kama wanavyoihubiri wengi, ati ukiamini kama Petro utatolewa. Mlango huo huo wa 12, aya ya pili, Yakobo ameuawa kwa upanga. Mwanafunzi huyu alikuwa karibu na Yesu sawa na Petro. Mmoja akatoka mmoja akakatwa na Biblia haielezi kwa nini. Kakako hakufa kwa sababu hukuomba vya kutosha, na si kukesha kwako macho wazi kutakakowaweka watoto wako hai. Huo ni mzigo hukupewa, utue.

Hofu inayokurudia usiku mimi naifananisha na nyoka aliyepondwa kichwa, mkia bado wapiga piga, na ukiukaribia waweza kukuchapa vizuri tu, na mtoto akiona ataruka na ana haki ya kuruka. Lakini hauumi tena ile ya kuua.

Haya, mambo ya nyumbani. Simu, moyo, usingizi, nenda hospitali. Nasema mapema kabla hujafika mwisho wa jibu ukaamua kwamba nimekupa mistari tu. Moyo kudunda na ganzi mikononi baada ya kufiwa ghafla ni kitu madaktari wanakijua, mwili umejifunza kwamba simu ya usiku ni kifo sasa wajitayarisha kila ikilia. Wapime presha, damu, waulize habari ya usingizi, na ukielekezwa kwa kaunsela nenda bila aibu. Kutumia dawa ya daktari na kuamini ufufuo havigombani, Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Usiku ile simu iweke chumba kingine, na ukiwa na mume yeye ndiye apokee, ukiwa peke yako mpe nambari ya jirani dada yako mkubwa, akitaka kitu cha dharura apigie jirani abishe hodi. Na moyo ukianza kwenda mbio usishindane nao kwa kukemea, kaa kitako, miguu chini sakafuni, pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na kama unataka neno la kusema sema lile la yule baba wa Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ni sala nzima ile, haina haja ya kuongezwa.

Ndoto ya kakako. Anakutazama, hasemi. Waliofiwa wengi wanaota hivyo, wa kanisa na wasio wa kanisa, moyo wamtafuta mtu wake. Usikimbilie kusema ni koma amekuja kudai wala usikimbilie kusema ni pepo amevaa sura yake. Ukiamka mtaje jina kwa Mungu, sema nimemkosa, lia kama kilio kipo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, hakuwaandikia wasihuzunike. Ludwig Krapf, yule mmishonari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga huko ng'ambo ya bara, na yeye mwenyewe homa imemlaza. Hata sisi hapa, njia ya kwenda kwenye mnara wa Vasco da Gama, kuna kale kakanisa kadogo ka makuti ka Wareno, Francis Xavier, mmishonari Mkatoliki, alipita Malindi 1542 akielekea Goa kule India, nje yake kuna makaburi. Siku moja ukitoka sokoni pita ukae pale chini ya mti kidogo. Wakristo wamezikana kwenye ufuo huu karibu miaka 500 na kila aliyezika alilia, hakuna aliyefaulu huo mtihani bila machozi.

Sasa Marafa. Nenda. Najua wachungaji wengine watanikasirikia, lakini nenda. Ni ndugu zako, wamefiwa kama wewe, na mamako atakutafuta kwa macho kwenye umati. Beba sukari na unga, saidia kupika, kaa na kina mama, kula nao. Ile saa ya wazee kumwaga mnazi na kumtaja koma, wewe ondoka taratibu ukaoshe sufuria, hakuna haja ya kusimama uanze kuwahubiria wazee kwenye kiwanja chao, heshima haikupunguzii wokovu. Mzee akikuuliza kwa nini umetoka mwambie kwa adabu, babu, mimi nangoja kakangu afufuke, siwezi kumlisha kama aliyebaki huku akizurura. Akitaka kujua zaidi atauliza. Na kama watachanga pesa za kaburi, sementi na msalaba, changa unachoweza, ile ni kazi ya mikono safi kabisa. Ila kama kuna mganga ataletwa kutafuta ni nani "aliyemtuma" lile lori, hapo sema hapana wazi wazi mbele ya wote hata kama sauti yatetemeka, manake hapo jina la mzee fulani litatajwa na mtu atakuja kuuawa.

Kwenda panda matatu, usipande boda kama bado huwezi. Ukirudi niandikie umelalaje.